Picha Ni Yangu, Jina Si Langu

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisichapishwe. Ukimaliza kusoma utaelewa kwamba hata ningetaka kulitoa, nisingejua nitoe lipi.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na ushei, au ndivyo nilivyoambiwa. Zaidi ya miaka mitatu iliyopita nilizinduka hospitalini, kichwa kimefungwa bendeji. Nilijua dirisha ni dirisha, nilijua kusoma na kuhesabu. Lakini nilipoulizwa jina nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Nilipoletewa kioo nikamwona mtu nisiyemjua.

Kando ya kitanda palikuwa na mwanamke analia. Akaniita kwa jina ambalo ndilo ninalotumia hadi leo. Akasema yeye ni dada yangu, wazazi wetu walishafariki, tumebaki wawili tu. Akasema niligongwa na gari usiku nikivuka barabara, kwamba nilikuwa dereva wa malori, sikuwahi kuoa wala kupata mtoto. Nikamwamini, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumwamini. Na Shangazi, dada huyu amenitunza. Alinishika mkono nikajifunza kutembea upya, akauza vitu vyake kulipia matibabu, na hajanisimanga hata siku moja.

Jambo la kwanza lilitokea mwaka jana. Mtoto wa jirani alikuwa kwetu, nywele zimefumuka, analia kwa kuwa mama yake alikuwa hajarudi. Nikamkalisha chini ili nimbembeleze. Mikono yangu ikachukua kitana, ikagawa nywele, ikaanza kusuka. Nilijua hata kulikunja sikio lake kwa kidole ili kitana kisilikwaruze. Mistari ilinyooka. Yule mtoto akasema, "Unasuka kama mama." Nilipoinua kichwa, dada alikuwa amesimama mlangoni, na alichokuwa nacho usoni hakikuwa mshangao, kilikuwa hofu. Akaniambia, "Usirudie tena." Usiku nilipomuuliza nilijifunzia wapi, akasema nilikuwa nikimsuka yeye tulipokuwa wadogo. Lakini katika picha moja tu ya utotoni aliyowahi kunionyesha, dada amenyolewa.

Miezi kadhaa baadaye nikiwa kituo cha mabasi, mwanamume mmoja alikuja mbio kwangu, amepanua mikono, akiniita kwa jina lingine kabisa. Nikamwambia samahani, sikufahamu. Akasimama. Akalitazama kovu lililo juu ya jicho langu, uso ukambadilika, akasema, "Basi ni kweli." Kisha akageuka na kupotelea ndani ya watu kabla sijamuuliza chochote.

Halafu ikaja bahasha. Nilikuwa natafuta karatasi zangu za hospitali katika kabati la dada. Chini kabisa, nyuma ya shuka, palikuwa na bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na kitambulisho chenye picha yangu na jina lile lile nililoitwa kituoni. Mwaka wa kuzaliwa si ule ninaoujua. Anwani ni ya mji ambao dada anasema hatujawahi kukanyaga. Pamoja nacho kulikuwa na kipande cha karatasi chenye namba ya simu, na mwandiko ni wangu, nina hakika. Nilirudisha kila kitu kama nilivyokikuta. Kesho yake nilirudi na simu ili nipige picha, na bahasha haikuwepo. Dada hajasema neno. Ila wiki hiyo hiyo alinitangazia kwamba mwisho wa mwezi tunahama, tunakwenda mbali, na akaniomba nisiwaambie majirani.

Namba ile nilikuwa nimeshaishika kichwani. Usiku mmoja nikapiga. Ikapokelewa na mtoto, sauti ya kike, akasema "Haloo?" Nilikata. Tangu hapo namba hiyo hunipigia usiku dada akiwa amelala, nami huitazama simu ikiwaka hadi izime.

Siku hizi naota mlango unaofungwa kwa nje, naota moshi, naota kisogo cha mtoto aliyesukwa. Sijui kama nakumbuka au kichwa kinatunga. Niende katika mji ule? Nimkabili dada? Au nifunge virago nihame naye, niachane na mambo haya, nibaki na maisha niliyonayo? Ninachokiogopa zaidi ni kugundua kwamba niliyekuwa ni mtu mbaya. Na kama huyu si dada yangu, basi aliyenipenda miaka yote hii ni nani, na alikuwa anampenda nani?

Ni mimi,
Mwenye Majina Mawili

*

Marahaba mwanangu,

Nashukuru umeandika kabla ya mwisho wa mwezi kufika. Naanza na jambo ambalo barua yako haikuligusa, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri lakini hili haliwezi. Je, upo salama hapo ulipo? Una ruhusa ya kutoka unapotaka, kwenda kwa daktari peke yako, kushika fedha zako na vitambulisho vyako? Ukisema unaogopa, unaogopa unachoweza kukumbuka, au unamwogopa aliyelala chumba cha pili? Kama ni hilo la pili, yaache yote nitakayosema hapa chini. Mtafute leo mtu wa nje ya nyumba hiyo unayemwamini, au nenda polisi, ueleze ulivyonieleza mimi. Kwa jinsi unavyomzungumzia dada sidhani kama ndivyo ilivyo, na nitaendelea kwa kuamini hivyo, ila wewe ndiye unayejua.

Ninavyokuelewa, umebeba maswali mawili yaliyofungamana hata yakaonekana moja. Lipo swali la wewe ulikuwa nani. Na lipo swali la kama dada anakudanganya, na kwa nini. Unaweza kupata jibu la moja na likakuacha gizani kuhusu la pili. Inawezekana jina la kwenye kitambulisho likawa lako kweli na dada akawa dada yako kweli. Inawezekana pia usiwe na undugu naye wa damu, na bado machozi yale ya hospitalini yakawa machozi ya kweli. Naomba ushike uwezekano huo wote kwa sasa, ingawa najua unachosha.

Tuanze na mikono yako, kwa kuwa ndiyo iliyokutikisa kwanza. Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kutibu kifafa. Aliondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, yaani eneo la ubongo linalosaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Mtu aliyezungumza naye akitoka chumbani na kurudi baada ya muda, alikuwa mgeni tena. Mtafiti Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomshinda karibu kila anayeijaribu mara ya kwanza. Siku hadi siku akawa hodari, ilhali kila siku aliamini hajawahi kuiona kazi hiyo. Hapo wataalamu wakaanza kuelewa kwamba ujuzi wa mikono na kumbukumbu za matukio havitunzwi mahali pamoja. Kwa hiyo uliposuka nywele za yule mtoto, mikono haikukudanganya. Uliwahi kusuka, tena mara nyingi.

Lakini mikono haikusema ulimsuka nani. Katika barua nzima hujaandika "nadhani nina mtoto", ila kila mstari umeelekea huko, na ninahisi moyoni umeshaamua. Mjomba aliyelea mpwa wake anajua kusuka. Msusi anajua kusuka. Kaka mwenye wadogo zake anajua, na ndivyo dada alivyokujibu, isipokuwa picha imemkanusha. Hata hiyo picha ni ya siku moja ya utoto; nywele hunyolewa na huota tena. Simaanishi kwamba umekosea. Naona tu kwamba umepiga hatua kubwa gizani, na ingefaa ujue umeipiga.

Sasa kichwa chako. Umechukulia kwamba gari ndilo lililokupokonya kumbukumbu, kwa sababu ndivyo ulivyoambiwa. Mimi si daktari, na hakuna anayeweza kukupima kwa barua. Lakini lipo jambo la kumpelekea daktari wa ubongo. Tangu Théodule Ribot wa Ufaransa alipoandika kuhusu magonjwa ya kumbukumbu mwaka 1881, imeonekana kwamba ubongo ukiumia, ya karibuni ndiyo hupotea kwanza na ya zamani ndiyo hudumu. Mtu aliyegongwa kichwa kwa kawaida husahau ajali yenyewe na muda fulani kabla yake, na pengo hilo aghalabu hupungua kadiri anavyopona. Kusahau jina lako, utoto wako na sura yako, halafu ukaendelea kuhifadhi mambo mapya vizuri hadi ukashika namba ya simu kwa kuiona mara moja, si sura ya kawaida ya jeraha la kichwa peke yake. Madaktari wakikutana na hali kama hiyo huuliza pia ni nini kilitokea kabla ya pigo. Upo usahaulifu unaotokana na mshtuko wa nafsi, pale tukio zito kupita kiasi linapomtenga mtu na historia yake mwenyewe. Huko si kuigiza wala si wendawazimu, na mara nyingi jeraha la mwili na la nafsi huja pamoja.

Nimekieleza hiki kirefu kwa sababu kinabadilisha maana ya uso wa dada pale mlangoni. Umeisoma hofu yake kama ya mtu anayekaribia kufumaniwa. Huenda. Lakini hofu ya mtu anayejua ni kitu gani kitakurudia, na aliyekwisha kukuona ukivunjika mara moja, nayo huonekana hivyo hivyo. Na yule wa kituoni, "basi ni kweli" umeisikia kama tishio. Je, kama alikuwa amesikia tu kwamba ulipoteza kumbukumbu, hakuamini, na akaona kwa macho yake? Kwa nini basi akaondoka, sijui. Watu hukimbia kwa aibu, kwa huzuni, kwa hofu, na kwa kuwa wameombwa wasiseme.

Kuhusu ndoto za mlango na moshi, nakusihi uzishughulikie kwa tahadhari pande zote mbili. Zinaweza kuwa vipande vya kweli. Zinaweza pia kuwa kazi ya akili yenye njaa ya hadithi. Mwaka 1995 watafiti wa kumbukumbu Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell walichapisha utafiti wao wa watu 24 walioelezwa matukio ya utotoni, moja likiwa la kubuni: kwamba waliwahi kupotea katika jengo la maduka. Takriban robo yao walifika mahali pa kulikumbuka tukio hilo, lote au sehemu yake, ingawa halikuwahi kuwapata. Watu hao walikuwa na kumbukumbu zao zote. Wewe una nafasi kubwa tupu, na kila unachoambiwa kinaweza kuota mizizi humo, kiwe kimetoka kwa dada, kwa mgeni wa kituoni au kwangu. Kwa hiyo ziandike ndoto hizo sasa, na tarehe, kabla hujazungumza na mtu yeyote wa mji ule. Siku ukisimuliwa kilichotokea, utaweza kufungua daftari na kuona ulichokiota kabla ya kusimuliwa. Na akitokea mtu wa kukuahidi kurudisha kumbukumbu kwa kukulaza usingizi wa hipnosia au kwa dawa za kukulegeza, jihadhari naye sana. Njia hizo zimewafanya watu wakumbuke kwa uhakika mkubwa mambo ambayo hayakutokea.

Kuna kisa cha Italia ambacho sikuweza kukiondoa akilini nilipokuwa nakusoma. Mwaka 1926 mwanamume mmoja alikamatwa Turin kwa tuhuma ya kuiba makaburini, akasema hajui jina lake. Akawekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Collegno. Picha yake ilipotoka gazetini mwaka uliofuata, Giulia Canella akamtambua kuwa mumewe, Profesa Giulio Canella, aliyepotea vitani mwaka 1916. Akamchukua, akampeleka nyumbani. Muda si mrefu polisi wakapata barua isiyo na jina ikisema huyo si profesa, ni Mario Bruneri, mchapaji anayetafutwa na sheria. Alama za vidole zikalingana na za Bruneri, naye alikuwa na mke wake na mtoto wake. Mahakama ikaamua kuwa ni Bruneri, kesi ikaisha mwaka 1931. Bi. Canella hakukubali hadi mwisho. Aliishi naye, akazaa naye, wakahamia Brazili.

Sikukisimulia ili kukwambia dada yako ni Bi. Canella. Ingawa sitakuficha kwamba mtu aliyefiwa anaweza kumwona marehemu wake katika uso wa mgeni, akaamini kabisa, na asiwe tapeli. Kilichonigusa zaidi ni kwamba mwanamume yule alidaiwa na familia mbili, na alama za vidole zilimaliza swali la jina tu. Kitambulisho ulichokiona, jina uliloitwa na namba yenye mwandiko wako vimekubaliana, na makubaliano hayo yana uzito, siyapuuzi. Lakini hayakwambii uliondokaje katika mji ule, nani alibaki, na kama kuondoka huko kulikuwa kukimbia, kufukuzwa au kuokolewa.

Tuje kwenye unachoweza kufanya. Ulikuwa unatafuta karatasi za hospitali, na hukuniambia kama ulizipata. Kwangu mimi hizo zina thamani kuliko bahasha. Mgonjwa ana haki ya kuomba taarifa zake. Unaweza kwenda hospitali uliyolazwa ukaomba faili lako: ulipokelewa kwa jina gani, nani alikuleta, lini, na majeraha yaliandikwaje. Kuungua hakufanani na kugongwa na gari. Utapata kitu kilichoandikwa na watu wasio na sababu ya kukuficha, bila kumshtua dada wala kuigusa familia ya mtu. Hatari yake ni kwamba inaweza kuvunja simulizi uliloishi nalo miaka mitatu ukiwa umesimama peke yako mbele ya dirisha la karani. Usiende peke yako.

Kumuuliza dada ni jambo zito zaidi, na najua ndilo unalolikwepa. Akiendelea kukana, au akiharakisha safari, au akiondoka, utakuwa umepoteza mtu mmoja tu uliye naye. Lakini kukaa kimya nako kuna gharama, maana tayari mnaishi kila mmoja akijua mwenzake anajua. Bahasha haikutembea yenyewe. Ukiamua kuzungumza, huna haja ya kuanza na "kwa nini ulinidanganya". Unaweza kumwambia ulichokiona, na kwamba hujasahau alivyokutunza, kisha umuulize anaogopa nini. Swali la anaogopa nini lina mlango ambao swali la uongo halina. Ingefaa awepo mtu wa tatu mnayemheshimu wote, au mshauri nasaha. Na kuhusu kuhama, wewe ni mtu mzima: unaweza kumwomba muda, unaweza kumwambia aende nawe utafuata. Ukiamua kwenda naye, hujafunga kitu milele, mradi namba ile na jina lile umeviacha mahali salama, kwa mtu anayejua unapokwenda.

Kipo pia kipimo cha vinasaba. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki kwa wastani nusu ya vinasaba vyao, waliochangia mzazi mmoja robo. Kipimo kinaweza kujibu kama ni dada wa damu. Nchini Marekani mwanamume aliyekutwa bila fahamu katika jimbo la Georgia mwaka 2004, aliyejiita Benjaman Kyle kwa kutojua jina lake, alirudishiwa jina halisi mwaka 2015 kwa njia ya vinasaba, si kwa kukumbuka. Lakini kumpima dada bila yeye kujua ni kumfanyia kile unachomlaumu kuwa amekufanyia. Na akikubali kwa hiari yake kupimwa, hilo tu litakwambia mengi kabla majibu hayajatoka.

Naifikia ile simu, na hapa sina sauti tulivu sana. Mtoto aliyesema "haloo" si ushahidi, ni mtoto. Kama wewe si kitu kwake, amepokea simu ya mtu asiyemjua na sasa kuna anayepiga usiku kutaka kujua ni nani. Kama wewe ni mtu wake, amekwisha kuambiwa kitu kuhusu wewe: umekufa, umeondoka, umefungwa, utarudi. Hujui ni kipi. Nakuomba neno la kwanza lisipitie kwake. Ukitaka kupiga, zungumza na mtu mzima. Na ingekuwa vyema zaidi kama mtu mwingine, ofisa ustawi wa jamii au mshauri, angepiga kwa niaba yako na kusikiliza kwanza. Polisi nao wanaweza kuangalia kama mtu wa jina lile aliripotiwa kupotea. Njia hiyo ina upande wake: kama lipo kosa huko nyuma, ukishaandikisha jina huwezi kulifuta. Zungumza na wakili kabla, hata kwa saa moja. Unastahili kujua unachokiingia.

Huenda pia ukaamua kutotafuta. Wapo waliofanya hivyo na wakaishi, na singekuona mwoga. Ningekuuliza tu kama unaweza kuamua hivyo kwa niaba yako peke yako, ilhali kuna anayepiga simu usiku.

Unaogopa kwamba ulikuwa mtu mbaya. Siwezi kukuapia kwamba hukuwa, na sitaki kukufariji kwa kitu nisichokijua. Inawezekana kuna jambo utakalopaswa kulijibu hata kama hulikumbuki. Lakini umeuliza kana kwamba yule wa zamani atarudi na kukufukuza. Hatakukuta nyumba tupu. Atamkuta anayekunja sikio la mtoto ili kitana kisimwumize, anayeogopa kumvunja moyo dada hata anapomshuku, anayekata simu kwa kuwa hajui kama ana haki ya kuzungumza. Huyo amekuwepo miaka mitatu, na hayo ameyafanya bila mtu kumwelekeza.

Umeuliza pia dada alikuwa anampenda nani. Hilo ni yeye tu anayeweza kulijibu, na nadhani unamwogopa zaidi akilijibu kuliko akikaa kimya. Lichukue polepole.

Ukiandika tena, niambie faili la hospitali lilisema nini, kama utakwenda. Niambie pia kama yupo mtu mmoja, nje ya nyumba hiyo, uliyemsimulia haya kwa sauti. Na namba ile ikiwaka tena kabla hujaamua lolote, hulazimiki kuipokea usiku huo, wala kuipokea ukiwa peke yako.

Ni mimi,
Shangazi